Kuandika Noti kwa Kishikwambi: Tuanzie Wapi?

Muhula uliopita baadhi ya wanafunzi wetu walianza kuja darasani bila daftari, na walimu wawili watatu wakatuuliza idara ina maoni gani. Tumeona ni vyema tuyaeleze hapa.

Kwanza jina la kifaa. Tanzania huitwa kishikwambi, neno lililosikika sana wakati wa sensa ya mwaka 2022 ambapo makarani walivitumia vifaa hivyo. Wengine husema tableti. Sisi tunapendelea kishikwambi kwa sababu kinakaa vizuri katika ngeli ya KI-VI, lakini hatutamkata mtu alama kwa kusema tableti.

Ushauri wetu kwa anayeanza ni huu: aandike kwa kalamu ya kifaa, asipige chapa. Mwaka 2014 watafiti Mueller na Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanafunzi waliopiga chapa walielekea kunakili maneno ya mhadhiri kama yalivyo, na wakashindwa zaidi katika maswali ya kufikiri kuliko walioandika kwa mkono. Utafiti wa kurudia jaribio hilo, uliochapishwa mwaka 2019, haukupata tofauti iliyo wazi kama ile, kwa hiyo tusiufanye msahafu. Hata hivyo, hilo la kunakili kila mwalimu amelishuhudia.

Kwa somo letu ipo sababu nyingine. Mwanafunzi anayezungumza Luganda huona ekitabo na ebitabo, kisha kitabu na vitabu, akadhani upatanisho wote umefanana. Akiandika "viti vile vimevunjika" na kuzungushia kila vi- rangi nyekundu, kisha akaiweka sentensi ya Luganda chini yake kwa rangi ya buluu, anaona kwa macho yake mahali lugha hizi zinapoachana. Kubadilisha rangi kwa kishikwambi ni kugusa mara moja tu. Anayepiga chapa, naye, atapambana kwanza na programu inayosahihisha Kiswahili kana kwamba ni Kiingereza kilichokosewa. Ukilazimika kupiga chapa, ingia kwenye mipangilio, ongeza kibodi ya Kiswahili, au uzime usahihishaji wa kujiendesha.

Kuhusu kalamu, zile za bei nafuu zenye ncha ya mpira huandika juu ya kioo chochote cha kugusa, ila kiganja nacho huacha alama, na herufi hutoka nene. Kalamu iliyotengenezwa kwa ajili ya kifaa chenyewe ni ghali, lakini ndiyo inayofaa kwa mhadhara wa saa mbili. Kabla ya kununua, hakikisha kifaa chako kinaikubali, si vyote. Programu usihangaike nazo. OneNote haina malipo na inatosha kwa kuanzia.

Anza na kozi moja tu. Ipe kabrasha lake, na kila noti ianze na tarehe na mada. Makala ambazo mwalimu ametoa kwa PDF zifungue humo humo, upige mistari na kuandika pembeni, badala ya kutoa fotokopi. Kozi nyingine ziendelee na daftari mpaka mkono uzoee.

Sasa tufike kwenye lililotuuma. Mwanafunzi wetu mmoja alikwenda Bombo kuwarekodi wazee, kwa idhini yao, wakisimulia Kiswahili cha kambini walichokikuta kwa baba zao waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Kishikwambi kilikuwa kinafaa mno: sauti inarekodiwa huku yeye akiandika msamiati. Wiki tatu baadaye kikaibiwa ndani ya teksi, na hapakuwa na nakala popote. Aliporudi Bombo, mzee mmoja alikuwa amekwisha kufariki.

Tangu hapo tunawataka wanafunzi wote wanaokwenda nyanjani wawe na nakala mbili nje ya kifaa, moja mtandaoni na nyingine kwenye flashi inayobaki nyumbani, na wazitengeneze siku ile ile ya kurekodi. Asiye na bando la kutosha na aje ofisini na flashi yake. Kompyuta ya idara iko wazi kila siku ya kazi mpaka saa kumi na moja jioni.