Betri Husingiziwa: Chunguza Alteneta Kwanza

Mkulima mmoja wa maskimu ya Borabu, upande wa Nyamira, ana motokaa ya Land Rover ya dizeli, kuukuu lakini yenye nguvu. Kila alfajiri hubeba maziwa yake na ya majirani, na siku za kuchuma hubeba chai mpaka kituoni. Wakati wa mvua motokaa hiyo ilikataa kuwaka. Mzee akanunua betri mpya. Wiki mbili hazikwisha, ikakataa tena. Akanunua ya pili, nayo ikafa vilevile. Maziwa yakachacha, na fedha za karo zikaishia katika betri. Mwishowe fundi aliifungua alteneta, akakuta vile vipande viwili vidogo vya kaboni vimelika mpaka vimekwisha. Bei ya vipande hivyo ni ndogo sana kuliko bei ya betri moja.

Ndugu wakulima, hasara ya namna hii yaweza kuzuiwa. Betri ni ghala, na alteneta ndiyo shamba. Mwenye kula ghalani bila kuvuna hana budi kulala njaa, hata akijenga ghala jipya kila mwezi.

Dinamo na alteneta

Maskimu yetu yalipofunguliwa katika miaka ya 1960, Land Rover za mabwana shamba zilikuwa na dinamo. Dinamo hutoa umeme kidogo sana injini inapokwenda polepole. Land Rover za Series III, zilizotoka mwaka 1971, zilikuja na alteneta, ambayo huchaji betri hata motokaa ikipanda mlima taratibu.

Lakini desturi moja ya siku za dinamo imebaki. Mafundi wengine huwasha injini, kisha huchomoa waya wa betri waone kama injini itaendelea. Tafadhali usikubali jambo hilo. Kwa alteneta, umeme huruka juu ghafula na kuunguza dayodi zilizo ndani yake, na katika motokaa za sasa waweza kuharibu hata kompyuta ya injini.

Jinsi ya kupima

Nunua mita ndogo ya kupimia volti, au waombe majirani mnunue moja kwa pamoja. Kisha fuata hatua hizi:

1. Tazama mkanda unaozungusha alteneta. Ukiwa na nyufa, ubadilishe. Katika motokaa za zamani, injini ikiwa imezimwa, ubonyeze kwa kidole gumba mahali palipo parefu. Ukibonyea kama sentimita moja, ni sawa. Ukilegea huteleza, hasa ukilowa, na alteneta haizunguki sawasawa. Ukikazwa mno huua beringi.

2. Safisha vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Umwagie maji ya moto, sugua kwa brashi, kausha, kisha paka grisi. Tazama pia waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chasisi. Udongo wetu mwekundu hushika maji, na kutu huanzia hapo.

3. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha injini. Betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12.2, imekwisha nusu au zaidi.

4. Washa injini, pima tena. Katika motokaa nyingi za zamani, mita yapasa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa. Isishuke chini ya 13. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, alteneta haichaji. Ikipita 15, regulata imeharibika na betri itachemka.

5. Tazama taa nyekundu ya betri. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, lazima iwake; injini ikiunguruma, izimike. Isipowaka kabisa, huenda balbu imekufa. Katika alteneta nyingi za zamani, umeme wa kuiamsha alteneta hupitia kwenye balbu hiyo. Mtu aweza kununua alteneta nzima kwa ajili ya balbu moja!

Kutengeneza au kubadilisha?

Kaboni, regulata, beringi na dayodi huweza kubadilishwa na fundi mzuri wa umeme wa motokaa. Lakini nyaya za ndani zikiwa zimeungua, au ganda limepasuka, mara nyingi ni afadhali kutafuta alteneta nyingine. Nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha volti, maana motokaa nyingine ni za 12 na nyingine ni za 24. Linganisha pia ampea, puli na mashimo ya bolti.

Wenye Toyota za dizeli wasikilize hasa. Nyingi zina pampu ndogo nyuma ya alteneta, nayo ndiyo inayosaidia breki. Ukiwekewa alteneta isiyo na pampu, au mipira yake isipofungwa vizuri, kanyagio la breki litakuwa gumu, na motokaa haitasimama upesi. Katika milima ya Kisii hicho ni kifo. Jaribu breki mahali tambarare kabla ya kutoka kwa fundi.

Kabla ya kufungua alteneta, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Ule waya mnene wa alteneta una umeme wakati wote, hata swichi ikiwa imefungwa, na spana ikiugusa pamoja na chuma itatoa moto. Tia alama kwenye kila waya, ili urudi mahali pake.

Taa ikiwaka njiani

Ukitoka Keroka kwenda Nyansiongo na taa nyekundu ikawaka, tazama kipimo cha joto. Katika motokaa nyingi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji. Ukikatika, simama mara moja mahali pa usalama, ama injini itachemka. Joto likiwa sawa, zima redio na vitu visivyohitajiwa, lakini usizime taa kubwa usiku. Usizime injini mpaka ufike kwa fundi. Dizeli ya zamani yaweza kuendelea muda mrefu bila kuchaji, na ndiyo maana mwenyewe hajui kuna ubaya mpaka asubuhi. Ya petroli itazimika betri ikiisha.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Dakika kumi na mita ndogo kila mwezi zatosha, kwa maana motokaa ile ile ibebayo maziwa mchana ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku.