Besi ya Matatu, Besi ya Sebuleni

Panda matatu ya viti 14 kutoka Kericho kwenda Bomet siku ya mvua. Mkifika Litein, vioo vyote vimeshafungwa kwa baridi na besi inakugonga kifuani. Rudi nyumbani uucheze wimbo uleule kwa wufa kubwa kuliko ile ya garini, na huenda usikisikie kishindo hicho. Watu hulaumu spika. Mara nyingi haina kosa.

Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde. (Mwinuko wa Kericho, wa mita 2,000 hivi, haupunguzi mwendo huo, baridi ndiyo hupunguza kidogo.) Sauti nzito ya mitetemo 30 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 11 na zaidi. Nusu yake tu inaizidi HiAce ya kawaida, bampa hadi bampa. Wimbi likikosa nafasi, koni ya spika husukuma na kuvuta hewa yote ya ndani kwa pamoja, kama pampu ya baiskeli iliyozibwa kwa kidole. Kinadharia, ukilinganisha na spika hiyohiyo ikipigwa uwanjani, kila mitetemo inapopungua kwa nusu, nguvu ya mgandamizo huongezeka mara 4. Gari halisi halifiki hapo, kwa kuwa bati la bodi hupinda na raba za milango huvujisha. Lakini sikiliza makanga anapovuta mlango Kapkatet: besi inashuka pamoja na abiria.

Sebuleni mambo ni mengine. Chumba cha urefu wa mita 4 na robo hutosha nusu ya wimbi la mitetemo 40. Wimbi hilo hugonga ukuta, likarudi na kukutana na lenyewe. Besi inajaa kando ya kuta na kufifia katikati. Ndiyo maana aliyekaa kwenye kochi lililoegemea ukuta anasema imezidi, na aliyesimama kwenye meza ya kati anasema iongezwe. Wote wawili wanasema kweli. Mapazia na vitambaa vya makochi havisaidii, maana besi hupita kana kwamba havipo. Nyumba ikiwa ya mbao na mabati, sehemu kubwa ya besi hutoka nje, na jirani aliye ng'ambo ya majani chai akaipata bila kuiomba.

Vijijini wengi hufunga redio ya gari nyumbani, kwa betri ya volti 12. Spika ya gari iliyotolewa garini imepoteza msaidizi wake, yaani kile chumba kidogo. Kabla ya kununua kubwa zaidi, iweke wufa pale unapoketi, cheza wimbo wenye besi nyingi, kisha tembea polepole ukifuata kuta, umeinama usawa wa wufa. Pale besi itakapojaa vizuri masikioni, mara nyingi karibu na kona, ndipo pa kuihamishia.