Upasuaji Umekwisha, Mapafu Yanahitaji Uangalizi

Ndugu yetu anapotoka salama katika chumba cha upasuaji, wengi wetu hapa Nachingwea na Ruangwa humshukuru Mwenyezi Mungu na kudhani kwamba hatari imekwisha. Utafiti uliofanywa katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa, katika kila wagonjwa 100 waliofariki baada ya kupasuliwa, zaidi ya 90 walifariki katika siku zilizofuata. Siku hizo mgonjwa yuko mikononi mwa wauguzi, na mikononi mwetu pia.

Miongoni mwa maradhi ya siku hizo ni ya mapafu. Dawa ya usingizi na maumivu ya kidonda humfanya mgonjwa avute pumzi fupi fupi na aogope kukohoa. Sehemu za chini za mapafu husinyaa, makohozi hukwama, na nimonia hupata njia. Aliyepasuliwa tumbo au kifua, na mvutaji wa sigara, wako hatarini zaidi.

Hapa ndipo huruma yetu huweza kudhuru. Tunamwambia, "Lala, usijichoshe," na kumkataza kukohoa ili mshono usifumuke. Daktari akisharuhusu, tumsaidie kuketi na kutembea kidogo kidogo. Kila saa awapo macho, avute pumzi ndefu kwa pua, aizuie kidogo, kisha aitoe polepole. Arudie mara kadhaa. Anapokohoa, akumbatie mto juu ya kidonda. Dawa za maumivu azitumie kama alivyoandikiwa, kwani mwenye maumivu makali hapumui vizuri.

Katika ibada, dini imemwekea wepesi. Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa na bawasiri, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akaelekezwa aswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Mgonjwa asione haya kuitumia ruhusa hiyo.

Arudipo nyumbani, tumweke mbali na moshi wa kuni na sigara. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, asiende shambani, wala asikae karibu na mashine inapofanya kazi. Vumbi lile huwasha hata mapafu ya mzima.

Tukiona homa, makohozi ya rangi au yenye damu, pumzi za haraka, maumivu ya kifua, midomo kugeuka rangi, au mguu mmoja kuvimba, tumpeleke hospitali saa ile ile. Mguu uliovimba huweza kuwa na damu iliyoganda, ambayo hufika mapafuni na kuua ghafla. Tusijaribu kwanza dawa ya kikohozi ya dukani, wala tusingoje kupambazuke.

Kwa wanaoishi vijijini, nauli na chombo cha usafiri vipangwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka. Majirani na waumini wa msikiti tunaweza kulibeba jambo hili. Nalo ni sehemu ya haki ya mgonjwa juu yetu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.