Mamba wa Bamburi hakuja mwenyewe

Msee, ukienda kumwona mamba pale Haller Park, Bamburi, jua umesimama ndani ya shimo la kiwanda cha simiti. René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, palikuwa mawe matupu. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu. Majani ya mivinje nayo yakagoma kuoza, ikabidi alete jongoo wayatafune yawe udongo. Mabwawa, viboko na mamba ni matunda ya kazi hiyo.

Sasa tazama mikoko ya Mkondo wa Tudor. Kaa na kamba hukulia humo bure, nasi tunaikata na kuimwagia maji taka. Tukiimaliza, nani atatuletea jongoo?