Unapiga msasa bodi ya gari nyumbani? Linda mapafu yako

Wengi wetu hapa Uingereza tunakwepa gharama za gereji kwa kuandaa wenyewe bampa au boneti ya faibaglasi kabla ya kupiga rangi. Kazi si ngumu: osha, ondoa nta, kisha piga msasa. Hatari ni vumbi lake. Lina nyuzi za kioo na gundi iliyokauka, huwasha ngozi, macho na koo. Tumia msasa wa maji, namba 320 hadi 400, na tope lake lifute likiwa bado bichi, maana likikauka linarudi kuwa vumbi. Vaa miwani, mikono mirefu na barakoa ya FFP3 (wenye ndevu, haizibi sawasawa). Nguo za kazi zifue peke yake.

Sasa sikiliza vizuri. Barakoa hiyo haifai kupigia rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina. Ina isosianeti, ambazo unaweza kuzivuta bila kusikia harufu yoyote, na zinaweza kukuachia pumu ya kudumu. Mafundi huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, andaa mwenyewe, rangi mwachie fundi.