TAKWIMU ZA UTAFITI, SERIKALI NA MWALIMU

Utafiti wa jamii hauna manufaa ukifungiwa kabatini. Mwaka 2013 na 2014 zilichunguzwa shule za msingi 350 katika wilaya 10 za Tanzania Bara. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine, walimu wa darasa la 1 hadi la 3 waliahidiwa tuzo kwa kila mtoto atakayefaulu. Nyingine zilipata yote mawili. Zilizosalia hazikupewa kitu, ili ziwe kipimo cha kulinganisha. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Ilipoambatana na tuzo, alama zilipanda.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, na takwimu zenyewe zikawekwa wazi. Kwa nini? Serikali ikipewa hitimisho tu, haina budi kuamini. Ikipewa takwimu, wataalamu wake waweza kuzikokotoa upya na kuziuliza maswali mengine. Majina ya watoto, hata hivyo, yapasa kuondolewa kwanza.

Mwanachuo atambue kwamba chemchemi ya takwimu nyingi za elimu ni rejista ya darasa. Mtoto asiyekuwapo akiandikwa yupo, mtafiti hupotoka, na Serikali hupotoka pamoja naye.