Fizikia ya Mgongo wa Mwenzako: Maswa hadi Lamadi kwa Baiskeli

Kutoka Maswa mjini hadi Bariadi ni kilomita 50 hivi. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, ni kama 72. Yote ni lami. Watu wawili wenye miguu ya kawaida na baiskeli za Phoenix wanaweza kuimaliza safari hiyo kwa siku moja, na wazee wa mkoa huu wa Simiyu watakucheka ukiiita kubwa, maana huku baiskeli ilibeba pamba, mahindi, madumu ya maji na hata wagonjwa kabla bodaboda haijajulikana. Lakini ni siku nzuri ya kujifunza sayansi, kwa sababu adui mkubwa wa msafiri haonekani kwa macho. Vilima vipo, jua lipo, ila anayekumaliza ni hewa.

Chombo chenyewe hakina lawama. Mwaka 1973 S. S. Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford alionyesha kwamba mtu aliye juu ya baiskeli hutumia karibu moja ya tano tu ya nishati anayotumia mtembea kwa miguu kwa umbali uleule. Anayetembea huinua na kushusha mwili wake kila hatua; baiskeli hubeba uzito huo, miguu ikabaki na kazi ya kuzungusha. Cheni safi iliyotiwa mafuta hupoteza asilimia chache tu za nguvu. Cheni iliyolishwa vumbi la kiangazi bila kufutwa ni habari nyingine.

Sasa chukua mtu, baiskeli na mzigo wa kwenye karia, jumla kilo 100, akienda kilomita 20 kwa saa kwenye tambarare. Kwa makadirio anahitaji wati 100 hivi. Zaidi kidogo ya nusu inakwenda kusukuma hewa. Iliyobaki inaliwa na tairi zinavyobonyea barabarani. Mwinuko unampa nafuu ndogo: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Mletee upepo wa uso wa kilomita 15 kwa saa. Hewa itampiga kana kwamba anakwenda 35, na kwa kuwa ukinzani hukua kwa mraba wa kasi, gharama ya kupambana nao inapanda mara tatu, kutoka wati 50 na ushei hadi 160. Jumla anadaiwa wati 200 hivi. Mwanariadha anazimudu kwa saa kadhaa. Mkulima aliyeamka shambani, au mwandishi wa makala, hazimudu.

Hapo ndipo mwenzako anapokuwa na thamani kuliko kifaa chochote cha dukani. Anayetangulia huipasua hewa na kuacha nyuma yake eneo lenye mvurugiko na kanieneo ndogo. Gurudumu lako la mbele likikaa chini ya mita moja kutoka lake la nyuma, ukinzani unaokupata hupungua kwa theluthi moja hivi. Katika upepo uleule unaokoa wati 50. Linganisha na kupunguza kilo 10 za uzito wa baiskeli: kwenye tambarare utaokoa wati nne au tano, basi. Watu hutumia mamilioni ya shilingi kununua wepesi ambao jirani yao angewapa bure mara kumi. Hata anayetangulia hufaidi kidogo, kwa sababu mwili ulio nyuma yake unapunguza mvuto unaomrudisha.

Bei yake ni uaminifu. Wa nyuma haoni barabara, anaona mgongo. Wa mbele akinyamaza kwenye shimo, wote wanalala chini, kwa hiyo kelele za “Shimo, kaka!” na “Lori nyuma!” ni sehemu ya injini, hasa msimu wa pamba. Mnapokezana kila baada ya dakika chache, kabla wa mbele hajachoka.

Upepo nao una ratiba. Miezi ya Juni hadi Agosti pepo za kusini mashariki hutawala, na asubuhi zinamsukuma mgongoni anayetoka Maswa. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji ya ziwa. Hewa ya nchi kavu inapanda, na ile iliyo baridi juu ya Ghuba ya Speke inaingia bara kuchukua nafasi yake. Mchana, basi, upepo wa ziwa unakuja usoni kwa anayekaribia Lamadi, tena kwenye kipande ambacho miguu imeshachoka.

Miguu huchoka kwa hesabu pia. Misuli hugeuza takriban robo ya nishati ya chakula kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Kulipoza kwa jasho kunataka karibu nusu lita ya maji kila saa, na kwenye jua kali zaidi ya hapo. Safari nzima itakula kilokalori 2,000 na ushei, kiasi kinacholingana na akiba yote ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini. Ukisubiri njaa umechelewa. Wasukuma wana jibu la zamani, viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hukaushwa ikiwa mibichi, hivyo inataka sufuria. Matobolwa huchemshwa kwanza, wanga wake umeiva tayari. Ya kutia mfukoni ni matobolwa.

Ondokeni Maswa saa kumi na mbili asubuhi, mnywe chai Bariadi saa mbili na nusu, mtakuwa Lamadi kwenye saa saba, kabla upepo wa ziwa haujapata nguvu. Anayeondoka saa nne atakutana nao baada ya Nyakabindi, kati ya Bariadi na Lamadi, na giza litamkuta jirani na Serengeti, ambako tembo hutoka hifadhini usiku kuingia mashambani. Huyo alale Bariadi.